Siku Mbili Unguja: Jinsi ya Kuuona Mji na Makumbusho Bila Kuzungushwa

Kila boti ya asubuhi ikishusha watu bandarini Malindi hapa mjini, simu yangu inaanza kulia. Shemeji wa rafiki, binamu wa Morogoro, mtu niliyesoma naye Dodoma miaka hiyo: "Nipo Zanzibar siku mbili, nione nini?" Nikimaliza kumjibu huyo, wiki ijayo anakuja mwingine na swali lile lile, na la pili linalofuata kila mara: "Na makumbusho yako wapi, mbona naambiwa yamefungwa?" Basi nimeandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia haya, nirudi kwenye kahawa yangu.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: anza na mji, kwa miguu, asubuhi. Watu wanashuka botini wanakimbilia Nungwi kupiga picha kwenye mchanga, siku ya mwisho wanapita Mji Mkongwe saa nane mchana, jua la utosi, wanaondoka wakisema ni majumba mabovu tu. Bahari itakungoja. Na kumbuka una mtaji ambao mtalii wa Ulaya hana: lugha. Yeye analipa mtu amfasirie. Wewe unaweza kumwamkia mzee aliyekaa barazani, ukamuuliza nyumba ile ilikuwa ya nani, naye akakueleza hadi adhana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kitambulisho. Hiki nakitaja mwanzo kwa sababu ndicho kinachosahaulika. Boti ya kutoka Dar inakitaka, na sehemu nyingi za kiingilio zina bei ya Mtanzania na bei ya mgeni, zilizoachana mno. Kusema Kiswahili dirishani si ushahidi. Mkenya anakisema, Mkongo anakisema, na Mzungu wa Paje aliyekaa miaka kumi anakisema kukushinda. Kama si Mtanzania, ulizia mapema bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, usije ukaanza kuitafuta ukiwa umesimama kwenye foleni na mabegi.

Noti ndogo ndogo. Noti ya elfu kumi kwa muuza kahawa ni ugomvi, na chenji huwa "inakuja" hadi unaondoka.

Nguo za kufunika mabega na magoti. Mji huu wanaishi watu, wanasali, wanapeleka watoto chuoni, yaani madrasa. Mwanamke aongeze mtandio au kanga mkobani. Kanga haina uzito, na utaihitaji pia botini upepo ukikaza.

Viatu vya kuvua haraka, lakini visivyoteleza. Mawe ya vichochoroni yamelainishwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha ni sabuni.

Ujue mwezi uko wapi. Sitanii. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndio wakati wa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Hii itaamua safari yako ya kisiwani, tutaifikia.

Mwisho, angalia kalenda. Masika ya Machi hadi Mei hukulowesha kweli kweli. Mwezi wa Ramadhani mji ni mtulivu na jioni zake ni tamu, ila mchana mikahawa mingi imefungwa na kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu, hata kama hufungi. Februari kuna Sauti za Busara na vyumba hupanda bei. Julai, Makunduchi wanasherehekea Mwaka Kogwa. Ukibahatika kuwepo, acha mpango wangu wote uende huko.

Hatua ya 1: Panga kwa siku ya wiki

Ijumaa kuanzia saa sita mchana usipange kuingia mahali popote. Watu wako msikitini, milango inafungwa, na hata anayebaki dirishani akili yake iko kwenye sala. Ijumaa tumia asubuhi kuona na mchana kulala.

Siku yoyote nyingine, ya kulipia tiketi yamalize kabla ya adhuhuri. Ya kutazama kwa nje yaache alasiri.

Hapa ndipo kwenye kosa la kwanza la kila mgeni. Utakutana na kijana mchangamfu karibu na bandari au kwenye bustani ya Forodhani. Sisi tunawaita mapapasi, yaani kupe, kwa jinsi wanavyoganda. Atakuuliza unakwenda wapi. Ukimwambia, atasikitika: "Pale leo kumefungwa, kaka. Njoo nikuonyeshe pazuri zaidi." Hapo pazuri ni duka la vinyago. Usigombane naye, mji mdogo huu, mtaonana tena kesho. Mjibu, "Ahsante, namngoja mjomba," uendelee kutembea. Hakikisha mwenyewe mlangoni.

Ukitaka mtembezaji wa kweli, dai kuona kitambulisho chake cha kazi, mkubaliane bei na idadi ya saa kabla hamjapiga hatua ya kwanza.

Hatua ya 2: Saa tatu asubuhi uwe Mkunazini

Hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa, na leo pana Kanisa Kuu la Kianglikana. Nenda kabla makundi ya watalii hayajafika, kwa sababu ni mahali pa kunyamaza, na huwezi kunyamaza katikati ya watu arobaini.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, chumba cha maonyesho. Soma mabango, usiyapite. Yanaeleza biashara ilivyokwenda kutoka bara hadi pwani, na ndani yake utakutana na majina ya makabila na njia ambazo pengine ni za kwenu. Ninawaona watu wa Kigoma na Tabora wakisimama hapo muda mrefu kuliko Wazungu.

Pili, shuka vyumba vya chini. Inama, dari ni fupi kweli. Utaambiwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Ujue tu kwamba baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka vyumba hivi: jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na huenda chini palikuwa ghala. Muulize mtembezaji wako swali hilo kwa upole. Akikasirika, una mtembezaji mbaya. Akikaa kitako akakueleza pande zote mbili, mwongezee kidogo mwisho wa safari. Shaka hiyo haipunguzi kitu, maana soko lilikuwa hapa na watu waliuzwa hapa.

Tatu, nje, shimo lenye sanamu za watu watano shingoni mwao mna mnyororo. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Tafadhali, picha ya kutabasamu na vidole viwili juu, si hapa.

Nne, kanisa lenyewe. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko Juni 1873, na kabla ya mwaka kwisha jiwe la msingi la kanisa lilishawekwa. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye sisi wa lugha hii tunamjua kwa kazi nyingine: alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandika sarufi na misamiati ya Kiswahili kwa Waingereza. Amezikwa nyuma ya madhabahu. Tafuta nguzo zilizo karibu na mlango, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Yasemekana mafundi waliziweka Steere akiwa hayupo, aliporudi akaziacha. Tafuta pia msalaba wa mbao uliotokana na mti wa kule Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa.

Onyo dogo kuhusu tarehe: wengi huondoka wakiamini utumwa Zanzibar uliisha 1873. Lililofungwa ni soko. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria 1897.

Pape mahali hapa saa moja na nusu. Ukitoka, usiingie kwingine kwa haraka. Kanywe kitu.

Hatua ya 3: Ingia vichochoroni na upotee kidogo

Kutoka Mkunazini kwenda Forodhani ni dakika 15 kwa mwenyeji. Wewe jipe saa mbili.

Pitia Hamamni kwanza. Ni hamamu za umma alizojengesha Barghash, na jina la mtaa limetoka hapo. Ukikuta mlango umefungwa, uliza watu wa jirani badala ya kuondoka.

Kisha elekea kwenye ile njia panda ambapo wazee wanacheza dhumna na karata, wenyewe wanapaita Jaws Corner. Kaa barazani, agiza kahawa chungu ya kikombe kidogo na kashata. Bei yake ni ndogo na unachonunua hasa ni mazungumzo. Amkia kwanza. "Shikamooni wazee" inafungua milango ambayo tiketi haifungui. Siasa wataongea wao, wewe sikiliza.

Ukiinuka hapo, anza kuangalia milango. Nitakufundisha njia ya haraka. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mraba, ni wa mtindo wa Kiarabu. Mlango wenye upinde juu ni wa mtindo wa Kihindi, uliokuja na mafundi na wafanyabiashara wa Kigujarati. Zile njumu za shaba zilizochomoza, watembezaji wote watakwambia zilibuniwa India kuzuia tembo wasisukume malango. Hapa hapakuwa na tembo wa kusukuma mtu. Zilikuwa za kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba. Sogea karibu uangalie miimo: mnyororo, samaki, mitende, maua. Mlango mmoja ukiutazama kwa dakika tano, mingine yote itaanza kusema na wewe. Mimi kuna mmoja karibu na nyumbani niliupita tangu nasoma skuli, na ni juzi juzi tu nilipoona kwamba samaki wa kulia magamba yake yamechongwa yote na wa kushoto ameachwa katikati, kama fundi aliitwa chakula akasahau kurudi.

Usiguse mlango wa mtu, usichungulie ndani, na usimpige picha mtu bila kumwomba. Watoto wa chuo wakipita na mitandio yao meupe si mapambo.

Hatua ya 4: Pwani ya mji, kutoka Ngome hadi Malindi

Utatokea Forodhani. Majengo makubwa yamejipanga yakitazama bahari, yachukue kwa mpangilio, kutoka kusini kwenda kaskazini.

Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mabaki ya kanisa la Wareno. Uani unaingia bure. Ndani kuna ukumbi wa wazi wa maonyesho na maduka. Dakika 20 zinatosha, isipokuwa kuna tamasha.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Hili ndilo linalonipigisha simu kila wiki. Barghash alilijenga 1883, na lilikuwa la kwanza hapa kuwa na umeme na lifti, ndiyo maana ya jina. Lilikuwa makumbusho makubwa ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafariki. Kwa hiyo vitabu vya zamani vya wageni vinavyokuambia uingie ndani kuona mtepe, ile jahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, visahau. Litazame kwa nje, na usiruke uzio kutafuta picha.

Makumbusho ya Kasri, Beit al-Sahel. Masultani waliishi hapa hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Ulizia langoni kama pamefunguliwa siku hiyo, kwa sababu nalo ni jengo kuukuu linalohitaji matengenezo. Ukiingia, vitanda na meza za masultani zipitie haraka, utulie kwenye chumba cha Bibi Salme, kwa sababu nitakayokueleza hatua inayofuata.

Ukiwa hapo hapo, geuka uitazame bahari. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilisimama pale zikapiga makombora kwenye makasri haya, kwa sababu Khalid bin Barghash alijitawaza bila ridhaa yao. Vita vikaisha kwa dakika kama 38, ndivyo vifupi kuliko vyote vinavyojulikana. Majengo unayoyaona hapa mengi yana alama ya siku ile: lililobomolewa, lililojengwa upya, au lililohamishiwa mnara.

Malizia na Dispensari ya Zamani, ile yenye roshani za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha lesi. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi 1887. Alifariki kabla haijakamilika 1894. Ni jengo zuri kuliko yote ya pwani hii, nami sibishani na mtu.

Hatua ya 5: Salme au Freddie?

Alasiri una nguvu ya makumbusho madogo mamoja, labda mawili. Yapo mawili ya watu wawili waliozaliwa Unguja wakaondoka.

Bibi Salme alizaliwa 1844 kwenye kasri la Mtoni, binti wa Sultani Said. Alijifunza kuandika kwa siri, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka 1866, akawa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake Ujerumani. Makumbusho yake hapa mjini ni madogo na yamepangwa kwa mapenzi. Ukisikiliza maelezo yote, utatoka unaujua mji wa karne ya 19 kutoka ndani ya nyumba, upande ambao wanaume walioandika hawakuuona.

Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Septemba 1946, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Makumbusho yake yapo Shangani, yalifunguliwa 2019. Mpenzi wa Queen ataingia tu, nami simzuii. Kama huna wimbo wake hata mmoja kichwani, picha ya mlangoni inakutosha, pesa yako ipeleke kwa Salme.

Hatua ya 6: Forodhani usiku, kwa akili

Magharibi meza zinapangwa, taa zinawaka, miwa inakamuliwa. Nenda, ni raha ya macho. Ila kabla kitu hakijawekwa mkaani, uliza bei ya kila kijiti, siyo "ya sahani". Sahani haina mwisho. Mishikaki ya samaki iliyopangwa kama maua mara nyingi imeshapashwa zaidi ya mara moja. Chagua kinachopikwa mbele yako. Chapati iliyojazwa nyama na yai wanayoiita pitsa ya Zanzibar inatengenezwa ukiona, hiyo haina wasiwasi. Urojo mzuri ule mchana mitaani, kwa mama aliyezungukwa na wanafunzi.

Hatua ya 7: Siku ya pili, chagua upande mmoja

Narudia: mmoja. Madereva watakuuzia "vyote kwa siku", na utaona vyote kupitia dirisha la gari.

*Kisiwani: Changuu.* Wengi wanaita Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli 1893, lakini halikufunga wafungwa. Likatumika kama karantini ya abiria wa meli. Wanaopendwa huko ni kobe wakubwa, ambao wazazi wao wanne waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Boti ni kama nusu saa kutoka Forodhani. Ondoka asubuhi mapema, na hapa ndipo mwezi unapohesabika. Mimi nilimpeleka shangazi yangu wa Tanga siku ya bamvua, tukarudi maji yamekupwa. Boti ikasimama mbali, shangazi akavuka maji hadi mapajani, viatu kichwani, mkoba mdomoni. Hadi leo kwenye harusi ananisimanga. Muulize nahodha swali moja tu: "Maji yanakupwa saa ngapi?" Upange kurudi kabla. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, bahari ya alasiri huchafuka.

*Kaskazini: njia ya 502.* Hii ndiyo safari ya bei nafuu yenye historia nyingi kuliko zote, na watalii hawaijui. Panda daladala ya Bububu. Shuka Maruhubi uone nguzo zilizobaki za kasri alilowajengea Barghash masuria wake, lililoungua 1899. Endelea hadi Mtoni, alikozaliwa Salme. Kama jana uliingia kwenye makumbusho yake, utapatambua. Panda tena hadi Bububu, halafu chukua bodaboda upande wa mashambani hadi hamamu za Kidichi, za mwaka 1850, alizojenga Sultani Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Kuba lake lina nakshi za chokaa za ndege na maua. Ndege kwenye jengo la masultani wa Oman ni kitu kigeni kabisa, ni mkono wa Uajemi huo. Mashamba ya viungo yako jirani, Kidichi na Kizimbani. Karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, mzingifuri. Usinunue paketi za mwisho wa safari bila kunusa. Kizuri kinanukia hata ndani ya nailoni.

*Kusini: Jozani na Kizimkazi.* Daladala za 309 na 310 zinapita mlangoni mwa msitu wa Jozani. Humo wamo kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Usiwalishe na usiwasogelee. Ukimwona anakula kipande cha mkaa usishangae: majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana sumu kidogo, na mkaa unaifyonza. Ni dawa yake ya tumbo. Tiketi yako inajumuisha daraja la mbao la kwenye mikoko ya Pete, wengi wanaondoka bila kulijua.

Ukibakiwa na muda, fika Kizimkazi Dimbani uone msikiti. Kwa nje ni msikiti wa kijijini wa paa la bati, utaupita. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Watu bado wanasali humo, kwa hiyo fika nje ya nyakati za sala, tafuta msimamizi, omba ruhusa, vua viatu. Mwanamke naye aombe, ajifunike. Sadaka weka kwenye kisanduku. Boti za kufukuza pomboo kijijini hapo mimi sizishauri: boti kumi zikimzunguka mnyama mmoja, hakuna anayeona kitu. Na usisubiri jioni kurudi. Daladala za mbali hupungua alasiri, ukabaki na teksi inayojua kwamba huna njia nyingine.

Ukikwama

*Nimepotea vichochoroni na simu haionyeshi.* Kuta ndefu huichanganya ramani. Zima simu, shika uelekeo mmoja usiuache. Baada ya dakika kumi utatokea ama baharini, ama barabara ya Mkapa, ile ya Darajani ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Muulize mwenye duka, siyo anayekufuata.

*Wananitoza bei ya mgeni.* Toa kitambulisho kabla hujataja idadi ya watu. Ukishalipa ndipo ukumbuke, tiketi hairudi.

*Nimefika, pamefungwa.* Uliza kama ni kwa sala, chakula cha mchana au matengenezo. Kwa mawili ya mwanzo subiri barazani. La tatu, badilisha na la siku ya pili.

*Mtembezaji anataka zaidi ya tuliyokubaliana.* Mrudishe kwenye makubaliano kwa sauti ya chini, mbele ya watu. Ndiyo maana nilikwambia mkubaliane bei na saa mapema. Hapa sauti ya juu humwaibisha anayeipandisha.

*Mvua imenikuta katikati ya mji.* Panda barazani. Yale mabenchi ya mawe nje ya nyumba ndiyo njia kuu maji yakijaa chini. Mwenye nyumba akitoka mwambie "Hodi, mvua," atakwambia "Karibu," na mara nyingine chai inafuata.

*Nimepiga picha, askari ananiita.* Umeelekeza kamera Ikulu, kambi au bandarini. Omba radhi, ifute mbele yake, usianze kueleza sheria. Ndege za kamera usizirushe bila kibali.

*Nina watoto, wamechoka Mkunazini.* Vyumba vya chini si vya watoto wadogo, mmoja wenu abaki nao nje. Wapeleke Changuu kwa kobe siku ya pili, na kama ni bamvua, wape kila mmoja kanga na mfuko wa viatu. Shangazi yangu atakwambia.